Sabufa ya wati 12,000 ni changa la macho!

PITA Maili Moja, Kibaha, jioni yoyote, saa zile daladala za Mbezi zinamwaga watu na chipsi zinaanza kukaangwa, halafu simama usikilize. Duka la simu lina spika mbili mlangoni. Duka la nguo nalo lina zake. Kibanda cha kurushia nyimbo kina sabufa iliyopandishwa juu ya kiti cha plastiki, na bodaboda nao hawataki kupitwa, wana vispika kwenye usukani. Kila mmoja anapiga na hakuna anayesikika. Unachoambulia ni dum-dum-dum moja ndefu, kama vile mji mzima unatwanga kwa mchi mmoja.

Sasa mchukue kijana aliyepanga chumba mitaa ya nyuma ya hapo. Simu yake ina nyimbo mpaka inalia kujaa. Akishika mshiko, baada ya godoro na jiko la gesi kinachofuata ni sabufa. Anaingia dukani, anaoneshwa boksi lenye maandishi makubwa kuliko jina la kiwanda: WATI 12,000. Mapene yanatoka, boksi linafungwa nyuma ya bodaboda, geto linawaka moto. Siku ya kwanza ni bomba. Wiki ya tatu masikio yamechoka, sauti ya mwimbaji imemezwa na bezi, gitaa halijulikani limepita saa ngapi, na mshikaji anaanza kuilaumu simu: hiki kisimu kimeo, lazima ninunue kingine.

Mtu wangu, iache simu. Simu haina kosa.

Hicho kidude cha mfukoni, iwe simu ya kawaida, iPod ya mtumba au kile ki-MP3 kidogo kisicho na laini, kina uwezo wa kutoa sauti safi ambayo miaka ya themanini ungeipata kwa mtu mwenye seti nzima ya hai-fai kabatini. Na hai-fai si kelele, wala si bezi ya kutikisa vikombe. Maana yake ni uaminifu: kinachosikika sebuleni kwako kifanane na kilichopigwa studio. Uaminifu huo unaharibiwa kabla ya simu, kwenye faili la wimbo, au baada ya simu, kwenye waya, sabufa na chumba chenyewe. Katikati hapo simu inatwishwa mizigo ya wengine.

Tuanze na hizo wati

Plagi ya pini tatu iliyoko ukutani kwako ina fyuzi ya ampea 13. Umeme wa TANESCO ni volti 230. Zidisha mwenyewe kwa kikokotoo cha simu: inakuja kama wati 3,000. Huo ndio mwisho wa kinachoweza kupita hapo bila fyuzi kukata. Haya, niambie, hizo wati 12,000 zinapitia wapi? Dirishani? Na zingekuwa za kweli, LUKU ingekatwa yuniti 12 kila saa. Ungesikiliza albamu moja ukabaki na giza na deni.

Tafuta kwenye boksi herufi nne, PMPO. Hicho ni kipimo kisicho na sheria wala mwamuzi, kila kiwanda kinajipimia kinavyopenda, na wengine nadhani wanapima kwa macho. Namba ya kweli imefichwa. Geuza sabufa, angalia mgongoni karibu na waya wa umeme, pana kibandiko kidogo kinachosema AC 220-240V, 50Hz, kisha namba ya wati, labda 40, labda 60. Huo ndio umeme unaoingia, na hakuna mashine duniani inayotoa zaidi ya ilichokula. Tena sehemu kubwa inaishia kuwa joto, ndiyo maana mgongo wa sabufa unachemka. Kibandiko kikisema wati 60, spika zinapata 30 au 40 hivi.

Usinune. Wati 30 za kweli ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi zinatosha kabisa kumwamsha mwenye nyumba. Masikio yetu yana tabia ya ajabu: ukizidisha wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, kiasi ambacho mtu akitoka nje kidogo hatajua umeongeza. Ili uone sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji wati mara kumi. Kwa hiyo anayekuuzia 40 badala ya 30 hajakuuzia kitu, na anayekuuzia 12,000 amekuuzia wino wa boksi.

Wimbo uliokonda

Tuje kwenye faili, na hapa ndipo palipooza zaidi.

CD inaandika sauti kwa kuipima mara 44,100 kila sekunde, kushoto na kulia, na hesabu yake yote inafika kilobiti 1,411 kwa sekunde. Ni mzigo. Wataalamu wa Kijerumani wa taasisi ya Fraunhofer, akiwemo Karlheinz Brandenburg, wakakaa miaka wakitafuta namna ya kuupunguza, na jina la faili, .mp3, likachaguliwa mwaka 1995. Ujanja wao ni huu: sikio likipigwa na sauti kubwa halisikii ndogo iliyo jirani yake, basi hiyo ndogo itupwe. Wimbo mmoja wa kujaribia ulikuwa Tom's Diner wa Suzanne Vega, dada anaimba peke yake bila ala, maana sauti tupu ya binadamu haina pa kuficha makosa. Mwanzoni ilitoka imechakaa, wakarekebisha mpaka ikakaa sawa.

MP3 ikitengenezwa kwa kilobiti 320, kwa kweli watu wengi hawaitofautishi na CD, hata wale wanaojidai. Ikishushwa hadi 128, imebaki na kama sehemu moja ya kumi na moja ya mzigo wa CD. Hapo kwa kawaida kila kitu kinachozidi mitetemo 16,000 kwa sekunde kinakatwa, na unajua ni nini kinakaa huko juu? Ncha za matoazi, mchakacho wa kayamba, ile pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza mstari. Ukisikia matoazi yanatoa sauti kama maji ya ugali yanayoanza kuchemka, jua umepewa wimbo uliokonda.

Sasa usikie usanii wa mjini. Mtu anachukua wimbo uliokwisha kukandamizwa kwenye YouTube, anaugeuza kuwa MP3, anaupa jina la 320, anaurusha kwenye flashi yako. Faili ni nene kweli, MB 10 kwa wimbo wa dakika nne badala ya 4, lakini kilichotupwa kimetupwa. Ni sawa na chai iliyokwisha kuongezwa maji, ukaihamishia kwenye jagi kubwa, ukadai chai imeongezeka. Halafu flashi hiyo inakopiwa kwa mwingine, naye anaibana tena ili zitoshe nyingi. Fotokopi ya fotokopi. Mwisho wake hata Marijani Rajabu anaimba kama mtu aliyefunikwa blanketi.

Dawa yake si ngumu. Kama una CD halisi ya zamani, iingize kwenye kompyuta na uihifadhi kwa FLAC, ambayo inabana bila kutupa kitu, au kwa 320. Kama unasikiliza kwa programu za intaneti, ingia kwenye mipangilio uchague ubora wa juu kabisa, maana mara nyingi inakuja imewekwa chini kukulindia bando. Apple Music ilianza kutoa nyimbo zisizokatwa mwaka 2021, Spotify ikafuata mwaka 2025. Ila hesabu na mfuko wako: saa moja ya kilobiti 320 inakula MB 144, na hizo zisizokatwa zinapita hapo mara mbili au zaidi. Ukipata waifai ya bure mahali, pakua kabisa usikilize nyumbani bila bando.

Waya wa bei ya chipsi

Bluetooth si shetani, lakini kwa namna yake ya kawaida inaubana wimbo upya kabla ya kuurusha. Wimbo mnono utavumilia. Wimbo uliokwisha konda unapigwa mara ya pili. Na kuchomeka flashi moja kwa moja kwenye sabufa mara nyingi ni hasara zaidi, kwa sababu kazi ya kugeuza namba kuwa sauti inafanywa na kichipu cha bei poa kilichomo ndani ya sabufa, wakati simu yako ina kilicho bora.

Nunua waya. Upande mmoja pini ya milimita 3.5, ile ya hedifoni, upande wa pili pini mbili, nyekundu na nyeupe. Bei yake hata sahani ya chipsi kuku haifiki. Chomeka kwenye simu, zile mbili zipeleke palipoandikwa AUX. Simu nyingi mpya hazina tundu la hedifoni, iPhone waliliondoa mwaka 2016 na wengine wakaiga, basi tafuta kiunganishi chenye chipu ndani yake. Vile vya bei ya kutupa visivyo na chipu vinakubali simu hii na kuikataa ile, kijaribu palepale dukani kabla hujatoa hela.

Kwenye simu zima ekwalaiza zote, hizo za "Rock" na "Super Bass" ni za kuzuga tu. Sauti ya simu ipandishe mpaka karibu na mwisho, kama asilimia 85, kisha ongezea taratibu kwenye sabufa. Wengi wanafanya kinyume, simu chini, sabufa juu, matokeo yake sabufa inakuza ule mchirizo wa "shhh" pamoja na wimbo. Kitufe cha bezi anza nacho katikati. Kisha weka simu kwenye hali ya ndege, maana ile "titi-titi-titi" inayokatiza muziki sekunde chache kabla ya simu kuita ni mtandao unaingia kwenye spika. Na ukisikia mvumo wa "mmmmm" usiokoma, chomoa chaja. Simu ikichajiwa huku imeunganishwa na sabufa, mtetemo wa umeme wa ukutani unapata njia ya kupita kwenye waya wako. Chomoa, mvumo unakufa papo hapo. Watu wamepeleka sabufa nzima kwa fundi kwa ajili ya hilo.

Hapa ndipo iPod za zamani zinapopata heshima yao. Ya kwanza ilitangazwa Oktoba 2001 ikiwa na GB 5, ya mwisho ilisitishwa mwaka 2022. Zile zenye tundu pana chini, la pini 30, lililoanza mwaka 2003, zina njia ya kutoa sauti ghafi bila kupitia kikuza sauti cha hedifoni, na zikiunganishwa kwa kitako chake na amplifaya nzuri zinaimba kuliko unavyotarajia. Tena haziiti, hazileti meseji ya mkopo katikati ya solo. Ukiiona kwenye rundo la mtumba na betri bado inashika, usiibeze.

Mtumba wa Japani, angalia moto

Mwenye macho haendi kwenye boksi la wati 12,000. Anakwenda kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, Dar au Zanzibar, anatafuta amplifaya ya zamani ya Technics, Kenwood au Sony na spika mbili za mbao. Zinaandika wati 30 au 40 kila upande na zinamaanisha hivyo. Ziinue: uzito ni dalili nzuri, maana transfoma na boksi la mbao nzito haviigizwi.

Lakini soma mgongoni! Vyombo vilivyotengenezwa kwa soko la Japani vinatumia volti 100. Ukivichomeka kwenye 230 ya kwetu utasikia "paa", utanusa, na habari imeisha. Ama ununue na transfoma ya kushushia, ama uache.

Ukishafunga spika, fanya jaribio la bure. Waya mwekundu uende kwenye nyekundu, mweusi kwenye nyeusi, spika zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta, bezi inapotea na mwimbaji anaelea hujui amesimama wapi. Mara ngapi watu wameuza spika nzima kumbe tatizo ni waya mbili za kubadilishana!

Maili Moja si Kisarawe

Vitu vilevile, waya uleule, wimbo uleule, vikisikilizwa Maili Moja na vikisikilizwa Kisarawe mjini havitoi jibu moja. Kibaha imekalia barabara ya Morogoro. Malori ya Zambia, Kongo na Rwanda yanapita usiku na mchana, na mngurumo wao ni sauti nzito ileile ya bezi. Sikio likishajaa mngurumo huo, bezi ya wimbo inazama, unapandisha kitufe, jirani naye anapandisha, ndiyo vita ya sabufa hiyo. Kwa chumba kilichoko barabarani, kufunga dirisha la upande wa lami na kutundika pazia zito ni faida kuliko wati yoyote.

Kisarawe ni hadithi nyingine. Ukishatoka Gongo la Mboto, ukapita Pugu na kupanda vilima karibu na msitu wa Kazimzumbwi, giza likiingia ukimya unakuwa wa kweli. Hapo wati 10 ni utajiri. Unaweza kusikiliza kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida na bado ukasikia kidole kikiteleza kwenye uzi wa gitaa. Hai-fai ya maskini iko Kisarawe, watu wa Masaki ile ya Dar watuonee wivu.

Chumba chenyewe nacho ni spika ya tatu. Bati bila dari, sakafu ya vigae, kuta tupu: piga kofi moja katikati ya chumba, ukisikia linajibu "treng", basi kila neno la wimbo litajibiwa hivyohivyo. Mkeka, zulia, makochi ya sponji, hata godoro lililosimamishwa ukutani, vyote vinakunywa mwangwi. Sabufa itoe pembeni, maana kona inakuza bezi na kuifanya ivume noti moja tu. Waliokulia enzi za redio kaseti watakumbuka spika iliyochomolewa ikawekwa mdomoni mwa mtungi. Ilivuma vizuri, lakini kila wimbo ulivuma kwa sauti ya mtungi. Spika ndogo ziinue zifike usawa wa masikio ukiwa umeketi, zisogeze mbele ya ukuta angalau nusu mita, na ukae ili wewe na spika mbili mfanye pembetatu sawa. Mwimbaji atatokea katikati, pasipo na spika. Ikikutokea mara ya kwanza utageuka kumtafuta.

Watakaobisha watasema: singeli na mchiriku vinahitaji uaminifu gani, si muziki wa makelele huo? Hapana. Mchiriku ulikua kwa vinanda vidogo vya Casio na spika za tarumbeta, ule mkwaruzo ni wa mwenyewe mpigaji, kautaka. Singeli ya kasi ya mapigo 200 na zaidi kwa dakika ikipita kwenye sabufa mbovu, ngoma ya pili inagonga kabla ya kwanza haijanyamaza, unapata uji. Seti aminifu inakupa mkwaruzo wa msanii bila kuongeza wa kwako. Kisarawe ni nyumbani kwa Wazaramo, aliyewahi kufuata mdundiko barabarani anajua ngoma halisi ina kofi la ngozi mwanzoni, tumbo katikati na mkia unaofifia. Tumia kumbukumbu hiyo kama mizani ukiwa dukani. Ukisikia tumbo tu, rudisha boksi.

Na ukishakuwa na seti inayosema kweli, kuna kazi moja isiyongoja. Barabara ya kwenda Kisarawe inapita palipokuwa studio za Radio Tanzania, Pugu Road ya zamani, leo Nyerere Road, ambako bendi za dansi zilirekodi nyimbo ambazo wengi tunazijua kwa fotokopi tu. Zile za redio zina wenyewe. Lakini kaseti za nyumbani, harusi za mashangazi, ngoma za mwali, sauti ya babu akisimulia, hizo mwenyewe ni wewe. Tafuta deki inayozunguka sawasawa, safisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, pitisha waya uleule wa pini nyekundu na nyeupe, safari hii kutoka kwenye deki kwenda tundu la kurekodia la kompyuta, hifadhi kwa WAV au FLAC kwanza, MP3 itengenezwe baadaye kwa ajili ya simu. Kaseti ya dakika 60 kwa WAV ni kama MB 635, yaani memori kadi ya GB 32 inabeba kaseti 50 hivi. Anza na zile zilizoko Maneromango kwenye sanduku la bibi, ambazo ukungu umeshaanza kuzila.